Mtaalamu wa Miji Inayokalika

Ufuko wa kuanikia dagaa ulizungushiwa seng'enge ili familia nne za kigeni zipate usingizi. Familia hizo zilikuwa za wakuu wa shirika la misaada lililokuja Kigoma kuwahudumia wakimbizi, na mtu wa kwanza kuondolewa kwenye ufuko huo alikuwa mkimbizi. Naliweka jambo hili mwanzo kabisa kwa sababu kila ninapolisimulia kwa mpangilio wake, wasikilizaji wakifika hapa hudhani natia chumvi. Sitii. Nilikuwepo, na nililipwa mshahara kwa kuwepo.

Nilikuwa mkalimani. Miaka ile ya wakimbizi, kijana yeyote wa Kigoma aliyemaliza sekondari akiwa na Kiingereza cha kuombea maji alipata kazi: mlinzi wa ghala, karani wa mahindi, msaidizi wa dereva, mkalimani. Burundi ilikuwa inawaka, na ng'ambo ya ziwa Kongo nayo ikashika moto. Watu walitua Kibirizi kwa maboti ya mizigo, wamebeba magodoro, masufuria na wagonjwa wao. Walilala uwanjani, walilala kwenye mabehewa yaliyokaa bila kazi, walilala chini ya michikichi ya watu, mpaka malori yalipokuja kuwachukua kuwapeleka makambini. Muhogo ulipanda bei, mawese yakapanda bei, na magari meupe yenye antena ndefu yakajaa katika mji ambao barabara yake ya lami ungeimaliza kabla hujamaliza muwa.

Mwanzoni wageni wa mashirika walikaa kwenye nyumba za wageni na za misheni bila manung'uniko. Kisha ikaonekana kwamba vita havina haraka ya kwisha, na ajira zao pia hazina haraka ya kwisha, wakataka kuleta wake, waume na watoto. Ndipo makao makuu ya shirika letu, huko kwao, yalipotuletea mtaalamu. Kazi yake, kama alivyonieleza uwanja wa ndege huku akinikabidhi begi lake nimbebee, ilikuwa kupima kama Kigoma ni mji unaokalika.

Jioni nilipofika nyumbani Ujiji nilimweleza mama mdogo habari hiyo. Yeye ndiye aliyenilea baada ya dada yake, mama yangu mzazi, kufariki. Alikuwa anachekecha unga wa muhogo, akaacha.

"Unaokalika vipi?"

"Kama watu wanaweza kuishi."

"Na sisi humu tunafanya nini?"

"Sijui, mama. Ndiyo amekuja kuangalia."

"Basi akishajua atuambie na sisi, tusije tukawa tulikufa zamani hatuna habari."

Mtaalamu alikuwa mtu mzima wa makamo, amevaa shati lenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani. Alikwisha kupima miji katika nchi nyingi, na aliitaja kama mwanamume anavyotaja wake aliowaacha: huu ulikuwa na kelele, ule ulikuwa na maji mabaya, mwingine mzuri sana lakini ndugu zake wasumbufu. Aliniita rafiki tangu tuliposalimiana. Ujiji, anayekuita rafiki kabla hajauliza kwenu ni wapi ama anauza kitu, ama anataka kukipata bure.

Alikuwa na njia tatu mbele yake. Wageni wangeweza kukaa Kigoma, wangeweza kukaa Kasulu, au wangekaa Dar es Salaam na kuwatembelea wakimbizi kwa ndege. Kasulu ilikuwa karibu na kambi, na hilo ndilo lililoiangusha. Alisema binadamu hawezi kufanya kazi vizuri kama anaishi karibu mno na kazi yake. Nilipotazama dirishani niliona wapagazi wa stesheni wamelala juu ya magunia wanayoyabeba.

Kwa siku kadhaa nilizunguka naye. Maswali yake nayakumbuka kwa sababu ni mimi niliyeyauliza kwa Kiswahili mbele za watu wazima, huku nikiona haya kwa niaba yake. Je, kuna mkate usiotiwa sukari? Mbwa wa mtaa huu hubweka saa ngapi? Ziwani kuna mamba upande gani, na je, mamba hao huja upande huu? Msikiti una kipaza sauti? Kuna mahali mtoto anaweza kuendesha baiskeli bila kusalimiwa? Swali hilo la mwisho nililiuliza kwa mzee mmoja wa mtaa wa Mwanga, naye akaniuliza kama nimekula.

Nisimwonee yeye peke yake. Mji wetu ulijidhalilisha vizuri tu bila kusaidiwa. Iliposikika kwamba shirika linatafuta nyumba za kupanga, watu wazima wenye heshima zao walianza kupaka kuta rangi ya buluu, kwa sababu mtu mmoja sokoni alisema Wazungu hupenda buluu. Mwingine aliweka choo cha kukalia katika nyumba isiyo na bomba wala tangi, akakifunika kwa kanga mpya na kuifunua tulipoingia, kama anayemwonyesha bibi harusi. Mwalimu mmoja aliwafukuza wakwe zake chumba cha uani ili nyumba ionekane kubwa, na mtaalamu hakuingia hata sebuleni. Wakwe hawakurudi.

Nyumba zilizompendeza zilikuwa nne, zimepangana juu ya ghuba ndogo upande wa Katonga. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mstaafu aliyezijengea wanawe, na wanawe wakahamia Dar es Salaam. Chini ya nyumba hizo palikuwa na mchanga wa kuanikia dagaa.

Ufuko ule ulikuwa na utaratibu wake. Kila mwanamke alikuwa na kipande chake cha mchanga alichorithi kwa mama au shangazi, na mpaka haukuwa na kigingi wala jiwe; ulijulikana tu. Huwezi kukanyaga mchanga wa mwenzako ukiwa na viatu. Mgeni hawezi kununua kipande. Hupewa ukingo na mwenyeji anayemkubali, na kuanzia hapo mwenyeji huyo ndiye anayemjibia. Mama mdogo alikuwa na kipande cha mama yake, na alikuwa amempa ukingo mwanamke mmoja wa ng'ambo.

Mwanamke huyo alikuja na wimbi la Wakongomani, na mama yake mgonjwa akiwa amelazwa juu ya magunia ndani ya boti. Yule mama alifariki siku chache baada ya kutua. Mwanamke alikuwa hajui mtu. Akina mama wa mtaa wetu Ujiji walimwosha maiti, sanda ikatoka msikitini, wanaume wakachimba, na mtu wa kwanza kumwuliza mfiwa kabila lake alimwuliza matanga yalipokwisha. Malori yalipokuja kuchukua watu, yeye hakupanda. Alimfuata mama mdogo ufukoni, akaanza kugeuza dagaa bila kutumwa.

Nilimwuliza wakati fulani kwa nini hakwenda kambini wakati chakula ni cha bure. Nilikuwa na tabia ya kuwauliza watu mambo, hata yasiyokuwa ya kazi. Alijibu kwa Kiswahili cha ng'ambo, kinachojikunja mahali ambapo chetu kinanyooka.

"Miye nilishachagua muji wangu. Muji wenye kumuzika mama yako na haujui jina lake, unatafuta ingine ya nini?"

Hakuwa na kibali cha kukaa mjini. Sheria ilitaka mkimbizi akae kambini, na kambi ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa lori wakati wa mvua. Kilichomweka Ujiji ni mambo mawili tu: mama mdogo alikuwa anamjibia, na upana wa mchanga usiozidi mikeka miwili ulikuwa unamlisha. Akiukosa mchanga, angemwelemea mama mdogo na watoto wake, na alikuwa amekwisha kusema kwamba hatakula cha mtu asichokitolea jasho.

Sasa nieleze kosa la mtaalamu. Kigoma nzima ilijua, kuanzia mchuuzi wa karanga hadi mkuu wa stesheni, kwamba dagaa huvuliwa gizani. Maboti hutoka jioni na karabai, taa huwavuta samaki, na alfajiri mzigo unarudi. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, kwa hiyo wavuvi hupumzika, hushona nyavu, huoa, huenda kulima. Ufuko hubaki mweupe na mtupu kama ua wa bibi anayengoja wageni. Mtaalamu alifika Kigoma mwezi unapevuka.

Alisimama kwenye baraza la nyumba ya kwanza, akafumba macho, akavuta pumzi. Ziwa lilikuwa limetulia. Maboti yalikuwa yamepandishwa mchangani. Hapakuwa na harufu ila ya jani la mchikichi linaloungua mbali.

"Mwambie hapa kimya mwaka mzima," mwenye nyumba alinihimiza. "Kimya cha msikitini."

Nilimtafsiria, kisha nikaongeza kwa sauti yangu mwenyewe kwamba hiyo ilikuwa mbalamwezi, maboti hayatoki, na kwamba kama anataka kupima kelele na harufu arudi giza litakapoingia.

Mtaalamu alifumbua macho, akafurahi.

"Kwa hiyo wanauogopa mwezi?"

"Hawauogopi. Taa haivuti samaki kukiwa na mwanga."

"Napenda sana imani za namna hii," alisema, akaniwekea mkono begani. "Usione aibu, rafiki. Hata kwetu wapo wanaoogopa paka weusi."

Nilirudia mara ya pili, nikitumia neno taa na neno samaki peke yake kama mtu anayemfundisha mtoto. Alitikisa kichwa kwa upole. Ule upole wake ndio siwezi kuusamehe.

Chini mchangani mama mdogo na yule mwanamke walikuwa wanashona magunia yaliyotoboka. Waliona kila kitu.

"Ule muzungu eko anafunga macho ya nini?" mwanamke aliuliza kwa sauti ya kusikika.

"Anapima kama hapa panakalika, shoga."

"Na anapimaka na macho ya kufunga?"

"Akiyafumbua atatuona sisi."

Walicheka mpaka sindano ikaanguka. Mwenye nyumba akawafokea kutoka barazani, "Nyamazeni nyie! Mtaniharibia!"

"Tumekuharibia nini, mzee wangu?" mama mdogo alijibu. "Umemwambia kimya mwaka mzima. Sisi tutakunyamazia wiki hii, nyingine utazinyamazisha mwenyewe."

Mtaalamu aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanamkaribisha.

Mapatano yakafanyika, mtaalamu akapanda ndege kwenda kupima mji mwingine, na familia nne zikaingia na majokofu yao, jenereta yao, na mbwa aliyekuwa na daktari wake. Mwezi ukafifia. Jioni ya kwanza ya giza wageni walitoka nje kutazama taa za maboti ziwani na kusema ni nzuri mno, kama mji unaoelea. Asubuhi yake maboti yalirudi na mashine zao, wachukuzi wakaimba, wanunuzi wakagombana, na dagaa wakamwagwa kwenye mchanga kuanzia ukingo mmoja wa ghuba hadi mwingine. Kufikia adhuhuri jua lilikuwa limefanya kazi yake. Inzi walipanda barazani, na harufu ikaingia ndani, ikakaa kwenye mapazia.

Mke wa mkuu wa shirika alinijia ofisini akiwa na leso puani. Aliniuliza ni nani anayehusika na ile harufu.

Nilidhani ni utani. Alikuwa anataka jina.

Kikao kilifanyika kwenye baraza la mkuu. Alikuwepo mkuu mwenyewe, mwenye nyumba, ofisa mmoja wa mji ambaye hakuacha kutazama jokofu, na wanawake watatu wa ufukoni, miongoni mwao mama mdogo na mwanamke wa ng'ambo. Wanawake walivua kandambili mlangoni. Hakuna aliyewaambia waketi, wakaketi.

Mkuu alieleza kwamba mtaalamu alithibitisha mahali pale ni patulivu, kwa hiyo kilichokuwa kinatokea ni jambo jipya, na jambo jipya lina chanzo. Nilipomaliza kutafsiri, mama mdogo aliniuliza kama nimetafsiri sawasawa.

"Jambo jipya? Mama yangu alinizaa akitoka kugeuza dagaa hapo chini."

Mwenye nyumba aliona kodi yake inamponyoka. Akakohoa.

"Mheshimiwa, zamani hawakuwa wengi hivi. Hawa wengine si wa hapa. Wamekuja na ukimbizi."

Huyo mzee alikuwa amesoma madrasa moja na babu yangu, na alikuwa amekula pilau ya harusi ya mama mdogo. Aliposema maneno yale alikuwa anatazama kucha zake.

Ofisa akaamka kutoka kwenye jokofu. "Mkimbizi ni nani hapa?"

"Hakuna," mama mdogo alisema. "Huyu ni mdogo wangu. Mimi ndiye ninayemjibia."

Mwanamke wa ng'ambo akasimama. Hakupandisha sauti.

"Dada, wacha. Miye ni wa ng'ambo. Sikukuja kuiba. Mama yangu eko hapa Ujiji, munajua mwenyewe kwenye mulimulaza."

Nilipotafsiri, uso wa mkuu uling'aa kama wa mtu aliyepata kazi anayoiweza. Aliuliza kama mama huyo amekwisha kuandikishwa ili apate huduma.

Nikamwambia mama huyo ni marehemu. Amezikwa Ujiji.

"Oo, pole sana," alisema, na nadhani alimaanisha. Kisha akafikiri kidogo. "Basi hana kinachomzuia kwenda kambini."

  Hilo nililitafsiri kama lilivyo, maana kulilainisha kungekuwa kumsaidia mkuu. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza tu, "Amesema vile?" Nikasema ndiyo. Mama mdogo alivaa kandambili zake humo humo barazani, jambo ambalo sijamwona akilifanya katika nyumba ya mtu kabla wala baada.

Seng'enge ilisimamishwa kabla ya mbalamwezi iliyofuata, kuanzia mwamba wa kushoto hadi mwamba wa kulia, na nguzo zake mbili ziliingia majini. Ofisa alisema ni kwa usalama. Mama mdogo alihamia Kibirizi, ambako binamu yake alimpa ukingo. Kwa desturi, aliyepewa ukingo hawezi kumkatia mwingine, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kumpa mwanamke wa ng'ambo. Alikwenda kumwombea kwa wanawake wawili wa Kibirizi, akarudi mikono mitupu. Watu walikuwa wamekwisha kusikia kwamba mahali alipo mkimbizi seng'enge hufuata.

Familia zenyewe, nimalize habari zao hapa, hazikudumu. Mke wa mkuu alisema ukimya ule mpya unamtia unyonge. Watoto hawakuwa na shule inayowafaa. Kabla ya masika kupita walihamia Dar es Salaam, wakawa wanawatembelea wakimbizi kwa ndege, kama njia ile ya tatu. Mwenye nyumba alifunga milango minne na kuanza kutafuta wapangaji wengine wasio na pua. Seng'enge hakuiondoa, alisema si yake.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Lori la kumchukua mwanamke wa ng'ambo lilikuja seng'enge ikiwa bado inang'aa. Lilikuwa lori la shirika letu. Lilichukua na wengine waliookotwa mjini wiki ile, wazee, wanawake na watoto, wakakusanywa stesheni asubuhi mvua ikinyunya. Mimi nilikuwepo kutafsiri maelekezo: msisimame lori likienda, msitupe vitu nje, mkifika mtapewa turubai.

Mama mdogo alikuja na furushi la dagaa wakavu na chupa ya mawese. Alimpa mwenzake, wakashikana mikono kwa muda.

"Nenda kaone kwanza," mama mdogo alimwambia. "Ukiona hapakaliki, rudi. Mimi nitajibu."

"Na bale wenye kuniuliza, utabaambia nini?"

"Nitawaambia ni mdogo wangu. Waniitie mtaalamu aje apime damu."

Mwenzake akacheka. Nilimpa mkono, akapanda, akaketi upande wa nyuma kwenye ubao, furushi magotini. Lori likaondoka likielekea barabara ya Simbo.

Kesho yake jioni niliulizia kwa simu ya upepo ya ofisini kama watu wetu wamefika. Wakasema wamefika wote isipokuwa mwanamke mmoja. Nikawauliza ni nani. Wakanieleza, akawa ni yeye. Dereva aliporudi nilimkalisha nikamwuliza kwa utaratibu. Alisema alisimama mara moja tu, Simbo, kutia maji kwenye rejeta, na msaidizi wake alipanda nyuma akawatazama abiria: walikuwa wametimia, na mwanamke mwenye furushi alikuwa kwenye ubao wake. Kutoka hapo hakusimama tena mpaka kambini. Nilimwuliza msaidizi peke yake, mbali na dereva, akasema hivyo hivyo. Niliwauliza waliokaa ubao mmoja naye, nilipopata safari ya kwenda kambini. Mmoja alisema alisinzia. Mwingine alisema turubai lilikuwa limeshushwa kwa ajili ya mvua na ndani kulikuwa giza.

Nilikwenda Simbo nikauliza mashambani, nyumba kwa nyumba, kando ya barabara ile. Hakuna aliyemwona mwanamke mgeni, wala aliyeokota furushi. Kibirizi hakuna boti lililosema limemvusha kumrudisha kwao. Shirika lilimhesabu kuwa hakuripoti, ofisa wa mji akamhesabu kuwa ameondoka, na wote wawili wakaridhika. Mama mdogo bado ananiuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kujua watu wamesema nini. Ninamjibu kile nilicho nacho: pale Simbo alikuwemo ndani ya lori, kambini hakushuka, na kati ya Simbo na kambi lori halikusimama.